Namna ya kusoma hukumu ya rufaa: tafuta neno linalogombaniwa, kisha pima amri inafika wapi

Wengi wetu tunaijua Mahakama ya Rufani kupitia vichwa vya habari: fulani kaachiwa huru, sheria fulani imefutwa, rufaa ya serikali imegonga mwamba. Ukiifungua hukumu yenyewe unakutana na kurasa ishirini au thelathini za Kiingereza cha kimahakama. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za rufaa bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Msomaji huchungulia ukurasa wa kwanza, huruka hadi wa mwisho, kisha huamini alichoambiwa na mtu mwingine.

Mwongozo huu ni wa mtu asiye wakili: mwenye kesi, ndugu wa mfungwa, mwandishi wa habari, msaidizi wa kisheria wa kata, mwanafunzi anayeanza. Mifano nimeichukua Tanzania na Kenya, nchi ambazo hukumu zake unaweza kuzisoma bure mtandaoni kwenye TanzLII na Kenya Law.

Jambo la kulishika kabla ya yote ni kwamba mahakama ya rufaa kwa kawaida haimwoni shahidi akitokwa jasho kizimbani. Kazi yake ni kusoma: inasoma mwenendo wa kesi ulioandikwa kule chini, inasoma sheria, inasoma mkataba. Ndiyo maana ugomvi ulioanza kwa panga, shamba au kura, ukifika kule juu mara nyingi unageuka kuwa ugomvi juu ya neno moja au mawili. Ukilipata hilo neno na ukaona majaji wamelipima kwa kigezo gani, kurasa zilizobaki hazitakusumbua.

Anzia mwisho, kwenye amri

Aya ya mwisho ndiyo inayobadilisha maisha ya watu. Isome kwanza, polepole, neno kwa neno, kwa sababu maneno yanayofanana mtaani yana matokeo tofauti kabisa mahakamani.

Chukua rufaa "iliyotupwa" na rufaa "iliyofutwa" au "kuondolewa mahakamani". Magazeti huyachanganya kila wiki. Rufaa iliyotupwa ni ile iliyosikilizwa ikaonekana haina mashiko, na hapo mlango umefungwa. Rufaa iliyoondolewa ni ile iliyokuja mahakamani ikiwa na kasoro, pengine hati muhimu haipo au muda umepita, kwa hiyo mahakama haikuigusa hoja yenyewe. Huyu wa pili anaweza kurekebisha kasoro na kurudi, ingawa mara nyingi itambidi kwanza aombe kuongezewa muda. Tofauti hiyo iliwekwa wazi na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1959, katika kesi ya chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, na majaji wa leo bado wanairejea. Nimeona watu wakikata tamaa na kuuza shamba la urithi kwa kuambiwa "rufaa imetupwa", kumbe iliondolewa tu.

Katika kesi za jinai, angalia kama hatia imefutwa na adhabu kutenguliwa, au kama mwenendo wote umebatilishwa na kesi kuamriwa ianze upya. Kwa amri ya kwanza mtu anatoka gerezani. Kwa ya pili anaweza kurudi mahabusu kusubiri kesi mpya. Tena kesi haianzwi upya ovyo. Kigezo kinachorejewa mara kwa mara ni cha uamuzi wa mwaka 1966 katika kesi ya Fatehali Manji: kesi huanza upya pale ambapo ile ya kwanza ilikuwa batili au yenye kasoro, na si kwa ajili ya kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake.

Angalia pia kama amri ina muda na nani kaelekezwa kufanya nini. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Rebeca Gyumi. Aliyesoma kichwa cha habari tu alidhani maandishi ya sheria yamebadilika asubuhi ileile. Aliyesoma amri alijua kwamba kazi ya kuandika kifungu kipya ilikuwa bado mikononi mwa serikali na Bunge.

Rudi ukurasa wa kwanza, lakini usikae

Hapa unatafuta mambo machache tu. Majaji wangapi? Mahakama ya Rufani ya Tanzania kwa kawaida hukaa watatu. Ukiona watano au zaidi ujue kuna jambo zito, mara nyingi maamuzi ya nyuma yanayogongana. Mrufani ni nani na mjibu rufaa ni nani? Usidhani mrufani ndiye mshtakiwa, maana Jamhuri nayo hukata rufaa. Rufaa inatoka mahakama ipi, na je, ni ya kwanza au ya pili?

Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kwenye rufaa ya kwanza, majaji wana wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya na kufikia hitimisho lao. Kwenye rufaa ya pili wanashughulika na hoja za kisheria, na kama mahakama mbili za chini zimekubaliana juu ya ukweli wa jambo, hawaugusi ukweli huo isipokuwa kama ushahidi ulieleweka vibaya au haki ilipotoshwa. Msimamo huo ulishikiliwa katika kesi ya Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Jaffari Mfaume Kawawa ya mwaka 1981, na tangu hapo umerudiwa mara nyingi mno. Kwa hiyo ukisoma kwenye rufaa ya pili kwamba "hatuoni sababu ya kuingilia", majaji hawasemi kwamba wao wenyewe wangeamua vilevile. Wanasema hawana ruhusa ya kuamua upya.

Andika swali kwa sentensi moja

Nenda kwenye sababu za rufaa. Zitakuwa sita, saba, pengine kumi na nne, nyingi zikirudia jambo moja. Mawakili huzirusha kama nyavu, na majaji huzikusanya na kuziweka pamoja, kwa hiyo tafuta mahali wanaposema rufaa hii inasimama au kuanguka kwa swali fulani. Ukishalipata, liandike wewe mwenyewe kwa Kiswahili kisichomzidi mtu wa kawaida: "Je, haki ya kimila ya kumiliki ardhi ni mali inayolindwa na Katiba?" "Je, neno fulani ndani ya kifungu hiki ni amri au ni hiari?"

Usipoweza kuliandika kwa sentensi moja, bado hujaipata kesi. Rudia.

Fuata neno kwa njia wanayopita majaji

Majaji hawatangazi kila mara kanuni wanayoitumia, lakini mpangilio wao unatabirika.

Wanaanza na fasili. Karibu kila sheria ina kifungu cha tafsiri mwanzoni, na kama neno limefafanuliwa pale, kamusi ya nyumbani haina kazi. Juu yake kuna sheria za tafsiri kwa ujumla: Tanzania ina Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na Kenya ina ibara za 259 na 260 za Katiba ya 2010. Ibara ya 259 inasema, kwa mfano, kwamba neno "kujumuisha" ndani ya Katiba hiyo lina maana ya kujumuisha bila kuishia hapo. Kwa hiyo orodha inayoanza na neno hilo haijafungwa, na anayekuja kudai kwamba kitu chake hakikutajwa, basi hakimo, ameshindwa kabla ya kuketi.

Pasipo fasili, wanachukua maana ya kawaida ya neno. Maana hiyo ikileta matokeo ya kipuuzi, wanaiacha na kutafuta nyingine ambayo maneno yenyewe yanaweza kuibeba. Wanaangalia pia majirani wa neno. Tuseme sheria ndogo ya halmashauri inatoza ushuru "bodaboda, bajaji, daladala na vyombo vingine vya usafiri". Je, mtumbwi unalipa? Maneno "vyombo vingine" yanabeba tabia ya yaliyotangulia, ambavyo vyote ni vyombo vya moto vya barabarani. Mwenye mtumbwi ana hoja nzuri ya kukataa.

Kisha wanauliza sheria ilitungwa kuponya ugonjwa gani. Swali hili lina umri mkubwa, lilianza katika kesi ya Heydon kule Uingereza mwaka 1584, na bado ndilo linalobeba hukumu nyingi.

Mfano bora wa Tanzania kwangu ni kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliyoamuliwa Desemba 1994 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu waliohamishwa mashamba yao walianza kuyadai mahakamani. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kuzima haki za kimila za ardhi katika vijiji vile na kuzizuia mahakama kusikiliza madai hayo. Swali likawa juu ya neno "mali" katika ibara ya 24 ya Katiba: je, mkulima anayelima kwa haki ya kimila ana mali, au analima kwa hisani ya serikali? Mahakama ilisema ni mali, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Tazama namna ilivyofika hapo. Haikusimama kwenye maana ya kamusi. Iliuliza ingekuwaje kama jibu lingekuwa hapana, ikaona kwamba sehemu kubwa ya Watanzania wangegeuka wavamizi katika nchi yao wenyewe. Hiyo ndiyo kanuni ya kuepuka upuuzi ikifanya kazi, hata kama haikutajwa kwa jina lake.

Kwa maneno ya Katiba kuna mizani ya pekee. Katika kesi ya Julius Ndyanabo ya mwaka 2002, Jaji Mkuu Barnabas Samatta aliweka misingi ambayo mawakili wanaikariri hadi leo: Katiba ni kitu hai, chenye roho na fahamu, haki za msingi zitafsiriwe kwa upana na mipaka ya haki hizo kwa ufinyu, sheria ichukuliwe kuwa halali mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kilichofutwa siku ile ni sharti la mlalamikaji wa kesi ya uchaguzi kuweka dhamana ya shilingi milioni 5 kabla hajasikilizwa.

Maneno ya kutazama kwa jicho kali zaidi ni yale madogo. Katika sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, vita vingi ni kati ya "shall" na "may". Sura ya 1 inasema la kwanza ni wajibu na la pili ni hiari, na mtu angedhani mjadala umekwisha. Haukwisha. Katika rufaa ya jinai namba 118 ya mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba neno hilo la wajibu, likiwa ndani ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, haliwi amri ya kufa na kupona kila mahali, kwa kuwa sheria hiyohiyo ina kifungu kinachosema kasoro haibatilishi uamuzi isipokuwa kama imesababisha haki kupotea. Hivyo ukiona neno la amri usikimbilie kusema "hawakufuata, kwa hiyo ni batili". Uliza: kasoro ilimuumiza nani, na vipi?

Jingine dogo limo kwenye Kiswahili cha Katiba yenyewe. Ibara ya 107A(2)(e) inazitaka mahakama kutenda haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka. Mawakili waliochelewa, au waliosahau hati, huivaa ibara hii kama hirizi. Mahakama ya Rufani imewajibu mara nyingi kwamba ibara haikufuta kanuni za mwenendo. Ukisoma neno kwa neno utaona kwa nini: uzito wote uko kwenye "kupita kiasi". Kufungwa kwa kiasi kunaruhusiwa. Mwaka 2018 Bunge likaongeza lengo kuu la kutenda haki kwa haraka na kwa gharama nafuu katika sheria za madai na za rufaa. Kenya ilitangulia kufanya hivyo mwaka 2009, na mawakili wa huko wanaiita kanuni ya oksijeni. Hata oksijeni hiyo haijafufua rufaa iliyokuja mahakamani nje ya muda bila ruhusa.

Kwa mikataba nitapita haraka: majaji wanashika kilichoandikwa, hawapokei kirahisi ushahidi wa mdomo wa kukipinga, na neno lenye utata husomwa dhidi ya aliyeliandika. Mwenye bima iliyokataa kulipa alikumbuke hilo la mwisho.

Zoezi: neno "au" lililofuta uchaguzi wa rais

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti kwa majaji 4 dhidi ya 2. Watu wanakumbuka seva za tume ya uchaguzi na fomu za matokeo. Mwanafunzi wa tafsiri anakumbuka kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi, ambacho kwa Kiswahili kinasema hivi: uchaguzi hautabatilishwa kwa sababu ya kutofuata sheria ikiwa itaonekana kwamba ulifanyika kwa kufuata misingi ya Katiba na ya sheria husika, au kwamba kasoro hiyo haikuathiri matokeo.

Weka kidole kwenye "au". Upande wa wajibu maombi ulisema kwamba mlalamikaji lazima athibitishe mambo yote mawili: misingi ilikiukwa, na matokeo yaliathirika. Majaji wa wingi, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walikataa. Walisema, kwa kuwa kifungu kinatumia "au", sehemu zake mbili zinasimama kila moja peke yake, na mlalamikaji akithibitisha mojawapo uchaguzi unaweza kuanguka.

Sasa kisome kifungu tena, taratibu, kama vile hujui nani alishinda. Kinaanza na ukanusho: "hautabatilishwa ikiwa A au B". Kwa mpangilio huo wa maneno anayehitaji jambo moja tu ni anayeutetea uchaguzi. Akionyesha A umepona, akionyesha B umepona. Ili ufe, vyote viwili lazima vikosekane. Maneno yenyewe, yakisomwa makavu, yanawaunga mkono wajibu maombi.

Uingereza waliandika "na". Katika kesi ya Morgan dhidi ya Simpson, iliyoripotiwa mwaka 1975 na iliyotokana na kura 44 zisizogongwa mhuri katika uchaguzi wa baraza la London, kifungu kilihitaji uchaguzi uwe umefuata sheria kwa kiasi kikubwa na pia kasoro isiwe imeathiri matokeo. Kwa "na" ile, kukosekana kwa kimoja kunatosha kuuangusha. Mahakama ya Kenya ilifika palepale alipofika Lord Denning, jaji wa kesi hiyo ya Uingereza, ikiwa na kifungu chenye kiunganishi cha kinyume.

Kwa maoni yangu majaji wa Nairobi walifika mahali sahihi, lakini waliegemea fimbo isiyo imara. Nguvu ya uamuzi wao iko kwenye Katiba, ibara za 38, 81 na 86, zinazotaka uchaguzi uwe huru, wa haki, unaohakikika na wa wazi. Sheria ya Bunge haiwezi kusomwa kwa namna inayofanya ibara hizo kuwa mapambo, na hoja hiyo inajitosheleza. Wangeishia hapo bila kulibebesha "au" mzigo, hukumu ingekuwa ngumu zaidi kuipinga.

Kilichofuata kinachekesha. Bunge lilikasirika, na mwaka huohuo likabadili kifungu, likaweka "na" mahali pa "au", likitaka kumlazimisha mlalamikaji athibitishe yote mawili. Kwa mantiki ileile ya ukanusho, "na" ilifanya kifungu kifanane zaidi na cha Uingereza, ambako kimoja kinatosha kuuangusha uchaguzi. Mahakama Kuu iliyatengua mabadiliko hayo Aprili 2018, na "au" ikarudi kazini.

Kwa hiyo, kila ukikutana na "au" au "na" ndani ya sentensi inayoanza kwa kukanusha, chora mistari miwili kwenye karatasi: nani anahitaji kuthibitisha kimoja, na nani vyote. Usiamini sikio.

Jifunze lugha ya majaji

Hukumu ina misemo inayokuambia kama hapo ni pa kusimama au pa kuruka. "Tumetafakari kwa kina hoja za pande zote" haina sababu ndani yake; ruka. "Kwa heshima zote kwa wakili msomi" maana yake wakili msomi anakaribia kushindwa. "Kwa maoni yetu" au "tunaona" ndipo sababu inapoanzia, na hapo chukua kalamu. "Hata kama tungekubali kwamba..." ni maneno ya pembeni, hayakuhitajika kuamua kesi. "Kesi hiyo inatofautiana na hii iliyo mbele yetu" ni namna ya kuukwepa uamuzi wa zamani bila kuuvunja. Kagua kama tofauti iliyotajwa ni ya kweli au ni ya kutafutwa. Na "hoja hii inatosha kumaliza rufaa" inakuambia kwamba sababu nyingine zote hazikuamuliwa. Mtu asikudanganye baadaye kwamba mahakama ilizikataa.

Maoni ya jaji aliyepinga, yakiwapo, yasome kabla ya kurudi kwa wingi. Tanzania ni nadra kuyaona. Kenya ni ya kawaida. Hayamfungi mtu, lakini yanakuonyesha ukuta wa hukumu una ufa wapi.

Pima uamuzi unafika wapi

Hapa ndipo hata mahakimu huteleza. Uamuzi wa juu unazifunga mahakama za chini, lakini kinachofunga ni ile sababu ya msingi iliyojibu swali lililokuwepo. Kila sentensi nzuri iliyomo humo haina nguvu hiyo.

Tazama kesi ya Muruatetu. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, kinakwenda kinyume na Katiba kwa sababu kinamnyima mshtakiwa nafasi ya kujitetea juu ya adhabu na kinamnyang'anya jaji uamuzi wake. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Ulazima wake ndio uliofutwa. Hata hivyo mahakama za chini zilianza kuutumia uamuzi huo kwa wizi wa kutumia nguvu, kisha kwa makosa ya kingono yenye adhabu za chini zilizowekwa na sheria. Maombi ya kupangiwa adhabu upya yakafurika. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikalazimika kutoa maelekezo: uamuzi ule ulihusu mauaji chini ya vifungu vya 203 na 204 tu, na makosa mengine yanapaswa kuletwa kwa njia yake.

Kipimo kinachokusaidia kutonasa kwenye mtego huo ni hiki. Chukua sababu uliyoiona, iandike, kisha uliza: majaji wangeigeuza, je, amri ya mwisho ingebadilika? Kama ingebadilika, hiyo ndiyo sababu ya msingi. Kama amri ingebaki vilevile, umeshika maneno ya pembeni, ambayo unaweza kuyatumia kushawishi lakini si kulazimisha.

Angalia pia kama uamuzi bado uko hai. Mahakama ya Rufani ya Tanzania inaweza kuachana na maamuzi yake ya nyuma. Ilijipa uhuru huo katika kesi ya JUWATA dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, iliyoripotiwa mwaka 1988. Ukikuta maamuzi yake mawili yanagongana, kwa kawaida uamuzi wa karibuni ndio hufuatwa. Angalia na sheria yenyewe, maana sheria za Tanzania zimetolewa upya katika Toleo la Urekebu la 2023 na vifungu vingi vimebadilika namba. Kifungu kilichotajwa kwenye hukumu ya 2010 huenda leo kina namba nyingine ingawa maneno yake ni yaleyale.

Kama kesi ni yako

Usomaji wote huu una saa inayokimbia nyuma yake. Tanzania, taarifa ya kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na kwa kesi za madai rufaa yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo iwasilishwe. Kenya, taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufaa ni siku 14. Siku ya uamuzi wenyewe haihesabiwi. Omba nakala ya hukumu na ya mwenendo kwa maandishi siku ileile ya kusomwa, na utunze nakala ya barua yako iliyogongwa mhuri wa mapokezi, kwa sababu siku za kusubiri nyaraka zinaweza kuondolewa kwenye hesabu pale tu ulipoomba kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na kumpa mjibu rufaa nakala ya barua hiyo.

Kama aliyekwisha kuamua ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, hakuna rufaa nyingine nchini. Kilichobaki ni mapitio, chini ya kanuni ya 66 ya Kanuni za mwaka 2009, ndani ya siku 60, kwa sababu tano tu: kosa la wazi kwenye kumbukumbu lililopotosha haki, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, uamuzi kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa njia haramu, ulaghai au ushahidi wa uongo. Kutoridhika na namna majaji walivyolisoma neno hakumo katika hizo tano. Maombi mengi ya mapitio hufa hapo, na mwombaji hubaki na gharama.

Kabla ya kwenda kwa wakili, andika mistari minne kwenye karatasi moja: swali lilikuwa nini, neno lipi liligombaniwa, majaji walilipima kwa kigezo gani, na amri inamtaka nani afanye nini kufikia lini. Ongeza namba ya ukurasa kwa kila mstari. Kwa hukumu za Kenya tumia namba ya aya. Wakili akikueleza jambo lisilomo katika karatasi hiyo, mwombe akuonyeshe ukurasa.